Nyayo Zilizoingia Nyumbani kwa Ngiri

Hapo zamani za kale, na mwaka msiniulize, maana anayetaja mwaka wa hadithi anakudanganya, Ngiri alijenga nyumba. Hakuchimba shimo kama baba zake. Alisimamisha kuta za udongo mgumu kama jiwe, akaezeka paa la vigae, na chini ya paa akapiga dari ya mbao za mvule nene kama kiganja. Mbao zile akazipigilia misumari pande zote, hakuacha hata kijimlango cha kupandia juu.

"Nataka nyumba ambayo hata upepo utabisha hodi," alimwambia mkewe, Mama Vijino.

"Na wageni je?"

"Wageni nao wabishe hodi, halafu waende zao."

Sasa, kabla sijaendelea, jueni jambo moja kuhusu ngiri. Ngiri haingii nyumbani kwa uso. Akifika mlangoni hugeuka, akaingia kwa makalio, macho yakabaki nje kumtazama anayemfuata. Hata leo nenda ukamwangalie. Kwa hiyo kwenye mchanga wa mlango wa ngiri nyayo zote hutazama nje. Za kutoka hutazama nje, za kuingia hutazama nje. Mpita njia asiyejua atasema: hapa watu wanatoka tu, hakuna anayeingia.

Ni ngiri mmoja tu anayeingia kwa uso, na huyo ni maiti. Wakimzika humsukuma shimoni kichwa kikitangulia. Husema kwamba huyo sasa hageuki tena, njia yake ni ya mbele tu, na akikuta kitu mbele yake husimama hapo hapo, anakwaruza.

Haya. Nyumba ile ilibakiwa na tundu moja, dogo, chini ya upenu, pale paa lilipokutana na ukuta. Kuchakuro, ndugu yake kindi, alilipata siku ya kwanza. Tawi la mkwaju lilikuwa limelala juu ya paa, naye alishuka nalo kama anayeshuka ngazi ya kwao. Akaingiza nyasi laini, akaingiza sufi, na katikati ya sufi akazaa watoto wanne.

Na hapa nisikilizeni, kwa sababu wako wanaosimulia hadithi hii na kumfanya Kuchakuro malaika. Hakuwa malaika. Nyumba ilikuwa ya Ngiri. Kuchakuro alitafuna boriti, vumbi la mbao likamwangukia Ngiri kwenye uji. Mchana Ngiri akijilaza, huko juu kwaru, kwaru, kwaru. Ngiri alikuwa na haki ya kumtoa. Haki hiyo siigusi. Ninachogombana nacho ni namna alivyomtoa.

Asubuhi moja alimvizia hadi akaondoka kwenda kutafuta chakula. Akaegemeza ngazi, akapanda na kipande cha bati, akakigongelea juu ya tundu. Ko, ko, ko, ko. Akashuka akijipangusa mikono.

Kuchakuro alirudi na kokwa mdomoni, akakuta bati. Kokwa likamdondoka.

"Jirani," akasema, "umefanya nini?"

"Nimeziba."

"Watoto wangu wamo ndani."

"Wangapi?"

"Wanne."

"Basi nimeziba wanne."

"Bwana Ngiri, nyumba ni yako na kelele tulikupigia, sikatai. Fungua kidogo tu niwatoe mmoja mmoja. Nikimaliza, ziba, na mimi mwenyewe nitakushikia msumari."

"Nikifungua leo, kesho utarudi na shangazi zako."

"Kata na lile tawi la mkwaju. Bila tawi sifiki."

"Nitalikata nikipata nafasi. Wewe nenda."

"Bila maziwa hawafiki kesho."

"Joto la darini ni kali," Ngiri akasema, akikagua kwato zake. "Watakauka kama muhogo wa kuanika. Hata harufu hawatatoa."

Mama Vijino alikuwa akipepeta mtama hapo uani. Akasimamisha ungo. "Baba Vijino, nao ni watoto."

"Watoto wa nani?"

"Wa mama yao."

"Basi mama yao akawalilie mtini."

Mmesikia? Kuchakuro alisema kweli yote, mbele ya shahidi, kwa adabu, hata na dawa ya tawi akaitoa mwenyewe. Likumbukeni hilo kabla hamjamwita mwongo.

Alijaribu bati kwanza. Meno yakalia kri, kri, bati lisishtuke. Ngiri alipokwenda kujigaragaza matopeni, Kuchakuro akaingia kwa mlango, akapanda ukuta wa ndani, akaanza kutafuna mbao za dari kwa chini. Mvule si mchezo. Alitafuna hadi fizi zikatoka damu, akapata shimo la kina cha ukucha. Na wale watoto kule juu walimsikia. Wakaja juu ya pale alipo, wakawa wanakwaruza kumjibu. Kwaru, kwaru. Kati yake na wao ni ubao mmoja.

Akashuka akaketi sakafuni. Akatazama nje mlangoni, kwenye mchanga. Nyayo zote zilikuwa zinatazama nje.

Akazitazama muda mrefu sana.

Adhuhuri Ngiri na watu wake wameketi wanakula, Kuchakuro akatokea mlangoni, mkia umesimama, uso mkunjufu.

"Bwana Ngiri, nimekuja kuomba radhi."

"Ya nini?"

"Nilikupigia kelele bure. Kumbe dada yangu alikuja alfajiri, kabla hujaweka ngazi, akawahamisha watoto wote wanne. Nimewakuta kule kwenye mkuyu wamelala."

Ngiri akacheka hadi uji ukamtoka puani. "Kwa hiyo darini hamna mtu?"

"Hamna hata kiroboto wangu. Nyumba ni yako peke yako sasa."

"Umesikia, Mama Vijino? Na wewe ulikuwa umeshaanza kunikunjia uso."

"Nimesikia," Mama Vijino akasema.

Kuchakuro akaaga, akaondoka polepole. Mngemwona mngesema ametulia. Kumbe alikuwa akitega sikio darini.

Haujapita hata muda wa kumaliza uji, huko juu: kwaru.

Mama Vijino akashusha bakuli. "Hiyo nini?"

"Panya."

"Panya amepita wapi? Si umesema hata upepo utabisha hodi?"

"Basi ni upepo."

"Upepo una kucha?"

Ngiri akainuka, akaenda pembe ya pili ya nyumba. "Ni mbao zinatanuka kwa jua," akasema kutoka kule. "Mbao mpya huwa..."

Kwaru, kwaru. Sauti ilikuwa imetoka pale juu ya meza, ikavuka dari, ikaja kusimama juu ya kichwa chake.

Akanyamaza. Nayo ikanyamaza.

Akarudi mezani kwa kunyata. "Mnaona," akanong'ona, "imeacha."

Kwaru, kwaru, ikavuka tena, ikamfuata, ikasimama juu yake.

Nyinyi mnajua ni kitu gani. Ni watoto wenye njaa. Wakisikia sauti yoyote chini wanafikiri ni mama amekuja, wanaikimbilia. Lakini aliyeamini kwamba darini hamna mtu alikuwa anasikia jambo jingine kabisa.

"Baba," akasema binti yao, Vijino, "mbona inakupenda wewe?"

"Kula unyamaze."

Hawakula. Ngiri akasema twendeni tukachimbe mizizi, ingawa jua lilikuwa bado kali na hawachimbi saa ile. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Wakatoka wote, mmoja nyuma ya mwenzake, kwa haraka kidogo.

Kuchakuro alikuwa akiwasubiri watoke. Alikwishachagua muhogo mbichi mnene, akauguguna kwa yale yale meno yenye damu. Akatoa umbo la ukwato wa ngiri, vidole viwili, ncha mbele. Kisha kwenye kidole cha kushoto akang'ata pengo dogo.

Pengo hilo ni la nani? Ni la mama yake Ngiri. Bibi yule alifariki mvua zilizopita. Ujanani aliteleza mwambani, kwato zake zikabanduka kipande upande wa kushoto, na tangu hapo popote alipokanyaga aliacha alama yenye pengo. Kuchakuro alikaa juu ya mlango wao siku zote akitazama chini. Anayekaa juu yako anakujua kuliko unavyojijua. Alimjua bibi yule hata kwa sauti, maana siku zake za mwisho bibi alilala pembeni akiomba maji kwa sauti nyembamba kama uzi, na Ngiri akimjibu, "Subiri, mama, nipigilie huu msumari."

Kuchakuro akabeba muhogo wake hadi mbali uani. Akaanza kugonga mchangani, pa, pa, pa, nyayo moja baada ya nyingine, ncha zikielekea mlangoni. Akapita mlangoni, akavuka sakafu, hadi kwenye ukuta wa nyuma uliokolea masizi. Hapo akachovya muhogo kwenye majivu ya jikoni, akagonga ukutani. Nyayo nyeupe juu ya ukuta mweusi, moja juu ya nyingine, zikapanda hadi zikagusa mbao.

Kisha akala muhogo wote, asibakishe hata ganda, akapanda juu ya paa akakaa karibu na bati. Ndani watoto walikuwa bado wanalia, lakini kilio kilikwisha kukonda.

Jua likielekea kuzama, Ngiri akarudi na watu wake. Mlangoni akageuka kama desturi, akaanza kuingia kinyumenyume, macho nje.

Akapiga hatua moja nyuma. Akaona, mchangani mbele ya pua yake, unyayo unaomtazama.

Akapiga hatua nyingine. Akaona wa pili, karibu zaidi.

Hatua nyingine. Wa tatu, kati ya miguu yake mwenyewe.

"Mama Vijino," akasema taratibu, "nani kaingia humu kwa uso?"

"Usinitanie."

"Tazama chini."

Mama Vijino akatazama. Masikio yake yakasimama. "Huyu hakuja kututembelea," akasema. "Huyu amehamia."

"Ni yule Kuchakuro, anatuchezea."

"Kuchakuro ana kwato?"

Ngiri akainama karibu. Akaliona pengo. Akaliona na la unyayo wa pili, na la wa tatu. Akageuka, akazifuata nyayo sakafuni kwa macho, hadi ukutani, na ukutani akaziona zinapanda. Ngiri gani alipanda ukuta akiwa hai?

Huko juu kukalia. Haikuwa kwaru tena. Ilikuwa sauti nyembamba, nyembamba kama uzi.

"Anaomba maji," Ngiri akasema.

"Nani?"

"Wewe unajua nani. Beba mtoto, tuhame."

"Nyumba yako ya mvule?"

"Siutaki mvule. Beba mtoto tuondoke, na mlango tuuzibe kwa mawe, asitufuate."

Kuchakuro juu ya paa alisikia yote. Hiyo ndiyo taabu ya uongo, wanangu, ukiupanda unakwenda unakotaka wenyewe. Alitaka Ngiri aogope kiasi cha kufungua, naye ameogopa kiasi cha kukimbia. Wakihama wakaziba kwa mawe, nani tena mwenye nguvu za kung'oa bati? Watoto watakauka mle ndani, na safari hii mama yao ndiye atakuwa amewafungia.

Hakuwa na wakati wa kupanga. Akaweka mdomo kwenye ufa kati ya bati na udongo, akaikondesha sauti yake, akasema:

"Mwanangu."

Ngiri akakwama mlangoni, nusu ndani nusu nje.

"Mwanangu, njia yangu ni ya mbele. Umeniwekea kitu mbele."

Watoto wakaisikia sauti ya mama yao. Nguvu zote zilizobaki wakazitia pamoja. Wakajirusha kwenye bati kwa ndani, wakakwaruza na kulia wote kwa mara moja, kwarukwarukwaru, bati likatetemeka, vumbi likamwagika darini kama mvua, na zile nyayo nyeupe za ukutani zikaanza kupukutika moja moja.

"Nifungulie," ile sauti ikasema. "Usiniambie nisubiri."

Neno hilo la mwisho lilimmaliza Ngiri. "Nakuja, mama," akasema. Akakimbilia ngazi, akaiangusha, akaiegemeza tena. "Pigeni magoti," akawaambia mkewe na bintiye. "Uso chini. Anayepita hatazamwi." Wao wakapiga magoti uani, kama ngiri wanavyopiga magoti wakila majani, pua mchangani. Ngiri akapanda, akafumba macho, akaingiza pembe zake chini ya bati, akavuta. Ngwaaa. Misumari ikaruka. Naye mwenyewe akashuka bila kuzikanyaga ngazi zote, akajitupa chini, akaficha uso katikati ya miguu.

Kisha juu ya paa wakasikia hatua. Nyepesi mno. Ta, ta, ta, ta. Zikaingia, zikatoka nzito kidogo, kama mtu aliyebeba kitu, zikapotea kwenye matawi. Zikarudi. Zikaingia. Zikatoka tena, na tena zikarudi.

"Mbona anarudirudi?" Ngiri akanong'ona mchangani.

Mama Vijino alibaki na pua mchangani. Alikuwa amefumbua jicho moja.

Akamwona Kuchakuro anatoka tunduni na mtoto mdomoni, kashikwa ngozi ya shingo, miguu inaning'inia. Fizi za mama zilikuwa nyekundu. Kuchakuro naye akaliona lile jicho. Akasimama. Mkia wake ukasimama. Alikuwa na mtoto mmoja mdomoni na mwingine bado ndani, na chini yake, hatua chache tu, mwenye pembe. Mama Vijino angesema neno moja tu, basi.

Wakatazamana.

"Ameshatoka?" Ngiri akauliza.

"Bado," Mama Vijino akasema. "Usiinue uso."

"Unajuaje?"

"Namsikia. Bado kidogo."

Kuchakuro akaenda na mtoto wa tatu, akarudi, akaingia, akakawia. Huyo wa nne alikuwa ametambaa hadi mwisho wa dari, hana sauti tena. Mama Vijino akasubiri, jicho juu. Mchanga ukamwingia puani, hakupiga chafya. Halafu akaona mkia unatoka, kisha mgongo, kisha mtoto. Mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa. Kwenye tawi la mkwaju Kuchakuro akamweka chini, akamlamba, akamlamba tena. Kimguu kikatikisika.

Ndipo Mama Vijino akafumba jicho lake.

"Sasa ametoka," akasema.

"Ameondoka na kinyongo?"

"Hana kinyongo. Lakini tawi lile la mkwaju likate kesho, na tundu uliwekee bati jipya. Darini hamna mtu sasa. Hilo nakuhakikishia mimi."

Kesho yake Ngiri alikata tawi, akaliziba tundu kwa bati na udongo, na toka siku ile hakuna kuchakuro aliyekanyaga paa lake. Kuchakuro alilea wanawe kwenye mkuyu. Mama Vijino alipopita pale na ungo wake walisalimiana tu, habari za asubuhi, nzuri, basi.

Ngiri peke yake ndiye hakupata kutulia. Ukipita nyumbani kwake mchana, ubao wowote ukalia kwa jua, utamsikia anainuka kitandani na kuuliza dari yake kwa adabu kubwa, "Nani mwenzangu?" Halafu ananyamaza, anasubiri ajibiwe. Usicheke, na usimjibu.

Hadithi yangu inakomea hapo, na neno lake ni hili: kabla hujaziba tundu uliza nani yumo ndani, na akikujibu ukweli, mwamini mara ya kwanza.